Nani anashinda na mtoto wako? Uzi wa malezi ya awali, tuongee kama mtaa

Mama_Kijichi

Habari za humu wakuu. Huu uzi mrefu kidogo mnivumilie. Nataka tuongelee watoto wadogo, kuanzia kuzaliwa mpaka miaka 8, na sitaki twende kwenye zile za mlee mtoto wako hivi mlee vile, maana hizo zimejaa kila mahali na nyingi zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye muda na mwenye hela. Mimi naishi huku Mbagala, mtaani kwetu wanawake wengi saa kumi na moja alfajiri wameshatoka, mwingine anawahi Feri kuchukua samaki, mwingine anawahi nyanya Temeke Sterio, mwingine zamu ya kiwandani, baba naye yuko kwenye bajaji au saiti anabeba zege, na mtoto wa miaka miwili anabaki. Swali langu ni moja tu, anabaki na nani?

Zungukeni mitaa yenu mtaona. Kuna anayebaki na bibi ambaye miguu inamsumbua hawezi kumfukuzia. Kuna anayebaki na dada wa kazi ambaye na yeye bado ni mtoto, katolewa kijijini juzi tu analia usiku anamkumbuka mama yake. Kuna anayeachwa na kaka yake wa darasa la tatu siku ambazo hamna shule, na siku za shule anaachwa kwa jirani. Alafu kuna wale akina mama wanaokusanya watoto wa mtaa chumbani kwao, unaacha buku, yaani elfu moja, na uji kwenye chupa, ukipita saa tano unakuta watoto wamejaa mkekani, TV inawaka katuni tangu asubuhi, mwenyewe yuko jikoni anapika na mwingine kambeba mgongoni.

Huyo mama mimi namheshimu sana. Mtaa mzima unamtegemea ili watu waende kutafuta riziki, na hakuna mtu amewahi kukaa naye akamuuliza mwenzetu unahitaji nini. Tunachojua ni kumlalamikia mtoto akirudi na jeraha.

Sasa kwa nini hili ni kubwa. Mtoto mdogo anajengeka kwa kujibiwa. Anatoa sauti, mtu anamjibu. Ananyoosha kidole kwa kuku, mtu anamwambia ee huyo kuku, unamuona anakula nini? Anaanguka, mtu anamtazama usoni anampa pole anamwacha ainuke. Hayo yanatokea mara nyingi sana kwa siku na ndiyo yanayojenga ubongo, na ubongo wenyewe hausubiri, akifika miaka 3 umeshafika kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Mtoto aliyejibiwa kutwa nzima anakua akijua kwamba mimi nikisema kuna mtu ananisikia, na kwa ninavyoona mimi kujiamini kunaanzia hapo. Yule aliyekaa mbele ya TV mwaka mzima anajifunza kwamba kuongea hakuna faida, maana katuni haimjibu.

Serikali hili inalijua. Desemba 2021 pale Dodoma ilizinduliwa ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, PJT-MMMAM, ya 2021/22 mpaka 2025/26, na inataja mambo matano, afya, lishe, malezi yenye mwitikio (ndo huko kumjibu mtoto), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto. Karatasi ni nzuri tu. Ila karatasi haiwezi kukaa na mtoto saa nne asubuhi huku kwetu, lazima awe mtu, na mtu huyo lazima sisi majirani tumshike mkono.

Hoja yangu ndo hiyo, mtaa umsaidie yule anayeshinda na mtoto. Naomba michango yenu hasa nyie mlioona imefanyika kwa vitendo mahali. Naomba kuwasilisha.

Baba_Bajaji

Mama Kijichi heshima yako, umeongea vizuri ila mimi naona tunakuza mambo. Sisi tumekua bila programu na hakuna mtu alikuwa anatuuliza kuku anakula nini, na tunajiamini vizuri tu tunatafuta. Zamani ukifanya ujinga jirani anakuchapa, anakupeleka kwenu unachapwa tena, mtoto alikuwa wa kijiji kizima. Leo umguse mtoto wa mtu uone kama hujalala polisi. Ndo maana watoto wameharibika, mtoto anamjibu mkubwa anavyotaka alafu watu wanaita kujiamini.

Mwl_Awali_Kahama

Nafundisha darasa la awali shule ya serikali, naomba niseme ninachokiona mana mimi ndo napokea hao watoto wakifika miaka mitano.

Januari watoto wakiingia, wiki ya kwanza tu unaweza kujua yupi ameongeleshwa nyumbani na yupi hapana. Haihusiani na hela kabisa. Nina watoto wa wachimbaji wadogo, nyumba ya mabati mpaka ukutani, lakini mtoto anakuja anakwambia mwalimu jana mbuzi wetu kazaa na kale kadogo kana doa hapa, anakuonyesha na paji la uso. Huyo nyumbani kwake kuna mtu anamsikiliza, na huyo hata kusoma hatanisumbua, kwa sababu maneno anayo tayari, mimi namuonyesha tu yanaandikwaje. Alafu nina mtoto kavaa vizuri, kiatu kipya, begi lina picha ya mdoli, amekaa kimya mpaka anajikojolea kwa sababu ameshindwa kusema naomba kwenda chooni. Hiyo inaniuma kila mwaka.

Kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja kwenye awali. Ada ilipoondolewa 2016 watoto walifurika, jambo jema kabisa, ila kuna miaka nimekuwa na zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, unamjibu nani unamwacha nani? Mtaala unataka niwe na kona za ujifunzaji, kona ya hesabu, kona ya lugha, kona ya nyumbani, na vifaa vya kuchezea. Hela ya kununua hamna. Kilichoniokoa ni wazazi. Kuna fundi seremala karibu na shule alituletea vipande vya mbao vilivyobaki, akavipiga msasa visichome watoto, wanajenga navyo mpaka leo. Mama lishe anatukusanyia vizibo vya soda tunahesabia. Na kuna bibi mmoja, mjukuu wake yuko darasani kwangu, nilimuomba aje awape watoto hadithi, sasa anakuja Ijumaa, akisema hadithi hadithi darasa zima linaitikia hadithi njoo mpaka la tatu wanachungulia madirishani. Yule bibi hajasoma. Lakini saa aliyokaa na watoto ni saa nzima ya lugha, ya kukumbuka, ya kusubiri zamu, na watoto wanaulizwa je nyie mngekuwa sungura mngefanyaje? Wanajibu! Hata yule wa kimya siku moja alinyoosha mkono.

Kaka Baba Bajaji, kuhusu adabu nakuelewa. Ila mtoto anaweza kukupa shikamoo kwa heshima zote alafu akakwambia wazi anachokitaka, vyote viwili vinakaa kwenye mtoto mmoja. Mtoto muoga tunamuita ana adabu na yeye anaumia kimya kimya.

Mama_Kijichi

Mwalimu Mungu akubariki, hiyo ya bibi naichukua leo hii.

Kaka Baba Bajaji nakujibu kwa heshima mana umesema jambo ambalo watu wengi wanaliamini. Mimi pia nimelelewa hivo, kijijini Rufiji. Lakini nikikaa nikikumbuka vizuri, yule jirani aliyenichapa alikuwa anajua jina langu, anajua mama yuko shamba gani, anajua nimekula au sijala, na nikipita kwake na ndoo ananiita niweke chini nipumzike, ananipa muhogo, ananiuliza dada yako hajambo. Fimbo ilikuwa sehemu ndogo sana ya hayo yote. Sasa hivi tumeacha muhogo, tumeacha kuulizana hali, tumebaki tunaitamani fimbo peke yake.

Na hiyo fimbo nayo tuwe wakweli. Ule utafiti wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009 uliofanyika nchi nzima, matokeo yakatoka 2011, ulionyesha karibu robo tatu ya watoto wamepata ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18, ngumi, mateke, kuchapwa. Na wasichana karibu 3 kati ya 10, wavulana kama 1 kati ya 7, wamefanyiwa ukatili wa kingono. Kwa hiyo hiyo adabu ya kipigo tumeitoa kwa wingi sana na bado haijawalinda. Mtoto aliyezoea kuambiwa nyamaza akiguswa vibaya atanyamaza pia. Mimi nataka mwanangu awe na mdomo wa kusema hapana mjomba, niache, na akija kuniambia nimuamini.

Nesi_Makambako

Habari zenu. Mimi niongezee la chakula mana hapo kwenye kujiamini watu wanasahau tumbo.

Huku kwetu nyanda za juu kusini ni ghala la nchi, mahindi tunayo, viazi, maharage, maziwa, parachichi. Lakini angalieni takwimu za utafiti wa afya wa 2022, udumavu kwa nchi nzima ni asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5, Iringa ni karibu 57, Njombe na Rukwa kama 50. Nusu ya watoto mkoa unaolisha mikoa mingine! Watu wakisikia wanashangaa, mimi nikiwa kliniki sishangai kwa sababu nawaona wanavyoletwa na nani.

Mama anaondoka asubuhi kwenda kwenye viazi au chai, kazi ya mkono kutwa, anamwacha mtoto kwa mtoto mwenzie na sufuria ya uji mweupe wa mahindi au ugali wa jana. Maziwa yameuzwa, mayai yameuzwa, parachichi zimepanda gari. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ndo usiseme, unakuta mzazi yuko kilabuni mpaka jioni na mtoto yuko hapo hapo, kuna wanaopewa hata kijiko. Mtoto wa mwaka mmoja tumbo lake dogo, anatakiwa ale kidogo kidogo mara nyingi, na mtu awe na subira ya kumlisha, amuongeleshe, amsubiri ameze. Mtoto wa miaka saba hana hiyo subira, anamlazimisha mara mbili akikataa anakula yeye. Kwa hiyo swali la mwenye uzi ni lile lile, nani anashinda na mtoto? Chakula kipo ndani na mtoto anadumaa.

Siku 1000 za kwanza, yaani tangu mimba inatungwa mpaka miaka miwili, zikipita hivo huwezi kuzirudisha zote. Udumavu sio ufupi tu, unagusa na akili, na mtoto aliyedumaa anachoka haraka, hachezi sana, hachokonoi vitu, na watu wanamsifia ametulia.

Kitu ambacho jamii haijui ni kwamba ina haki ya kuuliza. Mikataba ya lishe iliyosainiwa kuanzia ngazi ya taifa mpaka chini inataka halmashauri itenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa mwaka. Na kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kila robo mwaka, watoto wanapimwa, mnapika pamoja mnaona uji unavyoongezwa karanga, yai, mboga. Vijiji vingine inafanyika vizuri, vingine ni sahihi kwenye karatasi tu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, simameni muulize, mwenyekiti siku yetu ya lishe lini, na hela ya lishe imefanya nini.

Kijana_wa_Likoni

Salaam aleikum ndugu zangu wa huko Tanzania. Nimesoma huu uzi toka juu na mnanikumbusha jambo la kwetu Mombasa, naona wengi hawalijui na ni jibu kabisa la swali la mama.

Miaka ya 80 huku Pwani wazee waliona watoto wa Kiislamu wanaachwa nyuma shuleni. Nursery zilikuwako lakini ghali, ama hazikuwafaa, wazazi wengi wakawa na hofu mtoto atapoteza dini na mila. Mwaka wa 1982 viongozi wa Kiislamu wa hapa wakamuomba Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, msaada wa elimu, na 1986 kazi ikaanza Madrasa ya Liwatoni, hapa hapa Mombasa, na Bi Swafiya Said, mwalimu, ndiye aliyeanza kuwafunza kina mama na wasichana. Fikra yenyewe ilikuwa rahisi. Chuo, yaani madrasa, kipo tayari, watoto wanakuja kusoma Kurani, watu wanakiamini, basi kwa nini asubuhi hapo hapo pasiwe na chekechea nzuri, mtoto apate dini yake, lugha yake, na michezo ya kumkuza akili?

Sasa sikizeni walivyoifanya. Hawakuja na jengo. Jamii yenyewe ndiyo inayoomba, inachagua kamati, na kina mama wamo kwenye kamati. Jamii inatoa chumba na kukirekebisha. Jamii inawachagua wasichana wa pale pale mtaani wakafunzwe kuwa walimu, wengi shule yao haikufika mbali. Halafu mkufunzi anakuja kuwatembelea darasani mwaka hadi mwaka, yapata miaka miwili, mpaka chekechea isimame, ndipo inafuzu. Vifaa ni vya hapa, vifuu vya nazi, komwe, mbegu za ukwaju, makuti, vitambaa vya fundi cherehani. Asubuhi watoto wanapanga wenyewe watacheza wapi, wanacheza, halafu wanakaa duara kila mmoja aeleze alichofanya. Mtoto wa miaka minne anasimama mbele ya wenziwe anasema mimi leo nimejenga jahazi. Hapo mama ndipo kujiamini unakokusema.

Ikavuka Zanzibar 1990, Uganda 1993, zikawa jamii zaidi ya 200. Watafiti waliwafuatilia watoto wa nchi zote tatu wakakuta waliopita chekechea hizo wanasonga mbele kiakili kuliko wasiopata chekechea. Na nyingi hazikufa wafadhili walipopunguza, maana mwenye chuo ni mtaa. Mamangu mdogo alikuwa mwalimu kwenye moja ya hizo, mpaka leo akipita sokoni watu wazima wenye ndevu wanamkimbilia kumsalimia.

Kwetu hata kabla ya hapo tangu uhuru kulikuwa na nursery za harambee, watu wanachanga, wanamlipa mwalimu wa kijiji. Kwa hiyo si jambo la kigeni kwetu, limesahaulika tu pahali pengine.

BintiChake

Likoni umenena. Na huku kwetu Unguja na Pemba pia kuna vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, watoto wanafuata vipindi vya redio, anayewasimamia ni mtu wa hapo hapo kijijini, redio inasimama inamsubiri mtoto ajibu, aruke, ahesabu. Mdogo wangu ameanzia huko, shule alipoingia hakuwa na woga hata chembe.

Mzee_wa_Hesabu

Yote mazuri ila naomba tuongee hela. Nani atalipa? Wazazi wa uswahilini wanashindwa hata hiyo buku, mwisho wa siku mzigo unamrudia huyo huyo mama wa chumbani. Na mkimuongezea masharti ya usajili atafunga, watoto watabaki barabarani.

Mama_Kijichi

Mzee wangu swali zuri na nimelifikiria sana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na mlango wa kuingilia ni afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Watu wanamkimbia kama askari wakati anatakiwa awe mtu wa kwanza kuitwa, aje aangalie, aseme hapa choo hakifai, hapa jiko liko karibu mno na watoto, anzeni na hiki. Mama mmoja hawezi kurekebisha choo peke yake, sawa kabisa. Ila mtaa unaweza. Sisi tuna kikoba, kila wiki tunaweka mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na wagonjwa. Nilisimama nikaomba sehemu ndogo ya huo mfuko iende kwa hao akina mama wanaotulelea watoto, tukabishana sana, wengine wakasema mimi sina mtoto mdogo, lakini bibi mmoja akasema wajukuu wangu wanalelewa pale, nyie mnadhani mboga zenu za bei ya chini zinatoka wapi, zinatoka kwa mama aliyewahi soko kwa sababu mtoto wake ana mahali. Ikapita.

Kingine, hao akina mama wawe kikundi, na mtaani kwetu ndo tunaanza kituo cha hivo. Mmoja ana watoto wengi mno chumbani, wa nyuma yake nae hivo hivo, wakiungana wakachukua nyumba moja yenye uwanja, mmoja anapika, wawili wako na watoto tu, hawana kazi nyingine. Hiyo pekee inabadilisha kila kitu kwa sababu mtoto anapata mtu wa kumjibu. Na wakishakuwa kikundi kilichosajiliwa wanaweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, haina riba. Watu wanaikopea mashine za kukamua juisi, na kulea watoto nako ni biashara halali tena yenye wateja kila siku.

TV sijasema itupwe. Iwashwe kidogo alafu izimwe, watoto watoke nje. Rede, kombolela, mdako, kupikilisha, gari la kopo, mdoli wa gunzi. Tuliyacheza bila kujua yanatufundisha kuhesabu, kungoja zamu, kushindwa bila kulia, kugombana na kupatana.

Mama_wa_Kareem

Naomba na mimi niseme. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, ana miaka minne, hatembei, anaongea kwa shida ila anaelewa kila kitu. Nimezunguka vituo vingi, kuna walioniambia atawatisha wenzie, kuna aliyeniambia niombe kwanza. Nikaacha kazi nikakaa nae ndani, na ndani tulikuwa tunakufa wote wawili taratibu.

Aliyetutoa ni watoto. Kuna kabinti ka jirani kalikuwa kanakuja kuchungulia mlangoni, siku moja kakaniuliza mama Kareem kwani yeye hawezi kuwa golikipa? Wakamkalisha kwenye ndoo yenye mto golini, mpira wa makaratasi ukimpiga anacheka mpaka machozi. Sasa kila jioni wanakuja kumchukua. Ameanza kusema majina yao. Daktari wa mazoezi aliniuliza mnafanya nini nyumbani mbona shingo imekaza? Nikamwambia anadaka.

Kwa hiyo mkipanga vituo vyenu tafadhali msiwasahau watoto wetu, na mkijua kuna nyumba mtoto amefichwa ndani nendeni mkabishe hodi, kwa upole, msiende kama wapelelezi. Yule mama ndani anasubiri mtu abishe.

Mwl_Awali_Kahama

Mama Kareem nimesoma nimesimama kidogo. Asante.

Naomba niongezee moja kwa wazazi wanaowakimbiza watoto wa miaka mitatu waandike na waongee Kiingereza. Mtoto anapewa homuweki kurasa mbili, anashikwa mkono kwa nguvu aandike a e i o u, vidole bado laini, analia, anachapwa, anaanza kuichukia kalamu kabla hajaijua. Na mzazi ambaye Kiingereza hakijakaa vizuri anaacha kumuongelesha mtoto lugha anayoijua vizuri, anabaki na kamu, siti dauni, noo. Mtoto anakosa hadithi, anakosa vitendawili, anakosa kuulizwa kwa nini. Ongeeni nao Kisukuma, Kiswahili, Kihehe, lugha yoyote unayoiota usiku, kwa wingi. Lugha ya pili itakuja na itakuta pa kukaa.

Baba_Bajaji

Nimerudi, nimesoma komenti zote nikiwa kijiweni nasubiri abiria. Ya Kareem imenigusa mana mtaani kwetu yupo mtoto kama huyo na kweli hatumuoni nje.

Swali langu kwa mwalimu au nesi. Mimi natoka saa kumi na moja narudi saa tatu usiku, mtoto amelala au anasinzia. Mimi kama baba nafanya nini hapo? Sio kwamba sitaki.

Nesi_Makambako

Kaka swali hilo wababa wangeliuliza wengi tungefika mbali. Asubuhi ukinawa mnawishe na yeye, dakika chache tu, unamtajia hiki sikio hiki kidevu, anakujibu. Siku ya bajaji kuwa gereji nenda nae, muonyeshe spana, muache aguse, muulize tairi ngapi. Mpeleke kliniki wewe, sisi tunafurahi sana tukiona baba na kadi ya mtoto, na usikubali nesi yeyote akuambie mama yuko wapi kama vile wewe huhusiki. Na usiku hata akisinzia muongeleshe, muambie leo nimempakia mzee mwenye jogoo. Mtoto ambaye baba yake anamsimulia siku yake na yeye atajifunza kusimulia ya kwake, na akikua ana shida atakuja kwako. Na kijiweni kwenu mko wengi, mnapita mitaa yote, mnajua nani ni nani. Mtoto mdogo yuko peke yake barabarani, au mtu mzima anamvuta mtoto asiyemjua, nyie ndo mnaona wa kwanza. Namba 116 ni ya bure, simu ya watoto, ibandikeni kwenye bajaji.

Baba_Bajaji

Nimeelewa, 116 nabandika leo na nitawaambia wenzangu. Mama Kijichi hicho kituo chenu bado mna shida ya nini? Gereji tuna matairi mabovu mengi yamekaa tu.

Mama_Kijichi

Kaka matairi tunayahitaji sana! Tunayafukia nusu ardhini watoto wanapanda, mengine tunapaka rangi wanakalia duara la hadithi. Ila tafadhali yale yenye waya zilizochomoza usilete, na yatobolewe chini maji yasituame yakatuzalishia mbu. Mjumbe ameturuhusu kutumia kile kiwanja nyuma ya ofisi ya mtaa, tunasafisha Jumamosi saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Afisa ustawi ameahidi kufika, akina mama wanne wanaolea watoto watakuwepo, na bibi tumeshampata, ni bibi yake Zuhura wa kwenye kona, anasema hadithi anazo nyingi ila anataka kigoda chake mwenyewe. Tunakosa bado magodoro madogo, beseni mbili za kunawia, na fundi wa kufunga mlango wa choo. Mwenye chochote aje inbox, na wa mitaa mingine mkianza kwenu mtuletee hapa mlivyofanya.